Mchoro Haujisemei: Uhakiki wa Vielelezo vya Fizikia ya Awali katika Muktadha wa Kasese na Bwera, Uganda

Katika mijadala ya elimu ya sayansi, mchoro huchukuliwa kuwa lugha isiyohitaji mkalimani. Makala haya yanapinga dhana hiyo. Mwaka 1960, William Hudson alichapisha utafiti uliofanyika Afrika Kusini kwa picha za mwindaji, swala na tembo, akadai kuwa watazamaji wengi hawakutambua umbali uliochorwa. Wahakiki wa baadaye walionyesha kwamba picha zenyewe zilikosa dalili muhimu za umbali. Aliyelaumiwa alikuwa msomaji, ilhali kasoro ilikuwa ya mchoraji.

Kosa hilo hujirudia katika mshale. Katika mchoro wa wilbaro, mshale mmoja huweza kuonyesha kani ya mikono, mwingine uzito wa mzigo, wa tatu upande liendako gurudumu, na wa nne jina la egemeo. Mtoto wa Bwera anayeona mizigo ikisukumwa mpakani Mpondwe haoni ugeni katika wenzo. Ugeni umo katika mishale ya sura moja yenye maana nne.

Kipimajoto nacho kina dosari yake. Maji huchemka kwenye nyuzijoto 100 za Selsiasi katika usawa wa bahari. Mji wa Kasese uko kati ya mita 900 na 1,000 juu ya usawa huo, hivyo huchemka kwenye nyuzijoto zipatazo 97. Katika kilele cha Margherita, mita 5,109, ni zipatazo 83. Mchoro usiotaja mwinuko humfanya mwanafunzi aliyepima kwa uaminifu aonekane amekosea.

Sera huzidisha uzito wa jambo hili. Mtaala wa Uganda ulioanza 2007 hutumia lugha za wenyeji, kama Lhukonzo, katika madarasa matatu ya kwanza; la nne ni la mpito kuelekea Kiingereza. Sarufi ya mchoro na lugha mpya humfikia mtoto kwa pamoja.

Vielelezo visiondolewe, bali virekebishwe: kila aina ya mshale iwe na maana moja, mwinuko utajwe, na watoto waulizwe wanachokiona kabla ya kitabu kuchapwa. Aidha, Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022; istilahi kama kani, wenzo na egemeo zipo tayari kuandikwa chini ya michoro hiyo.