Aliyeshiba Hamtazami Mbuzi

Kilango cha chuma kinafunguka ardhini, na mbuzi anapanda polepole kama mtu anayefikishwa na lifti kwenye ghorofa asiyoijua. Anatazama huku na huku, anasogea hatua mbili, anasimama. Ng'ambo ya boma, chini ya miti, Tyrannosaurus amejilaza. Kichwa hakiinuki.

"Mjomba, mbona huchezi?"

Kompyuta ni ya mpwa wangu, na zamu yangu ilikuwa ya dakika kumi tu.

"Nacheza," namjibu. "Namngoja apate njaa."

Gemu lenyewe ni Jurassic World Evolution 2, lililotolewa mwaka 2021 na Frontier Developments, kampuni ya Cambridge, Uingereza. Unapewa eneo, unajenga bustani, unafuga dinosaria, watu wanalipa kiingilio. Wengi hulipenda kwa ajili ya siku ya balaa, dhoruba inapobomoa uzio na wageni wakatimua mbio. Mimi balaa halinivutii. Ninachokipenda ni saa ya malisho, na kila nikiitazama nazidi kuwaheshimu watu nisiowajua waliokaa ofisini miaka kadhaa wakifikiria namna mnyama anavyokula.

Nimelelewa na bibi aliyefuga kuku na mbuzi. Kila asubuhi alimwaga pumba uani, akasimama mikono kiunoni, akahesabu. Kuku asiyekuja ni mgonjwa. Anayekuja lakini akadonoa mara mbili na kuacha, huyo kesho ataumwa. Hakuhitaji dawa wala daktari ili kujua hali ya banda lake, pumba zilimtosha. Ndiyo maana siwezi kumwamini mnyama wa kwenye skrini kwa sababu tu ngozi yake inang'aa kwa mvua. Nataka nimwone mlo unapofika.

Ndani ya mashine, njaa ni namba inayoshuka. Ikifika kiwango fulani mnyama anaacha alilokuwa akilifanya, anatafuta chakula, anakifuata, anakula, namba inapanda tena. Hayo mwanafunzi wa programu anaweza kuyaandika mchana mmoja. Kazi ngumu iko katikati, kati ya njaa na mdomo. Mnyama wa tani kadhaa hageuki papo kwa papo kama bodaboda. Lazima kwanza kichwa kielekee, shingo ifuate, uzito uhamie mguu wa nje, mkia uyumbe upande wa pili kuweka mizani. Nyayo zisiteleze juu ya udongo. Zikiteleza hata kidogo, jicho linajua kwamba kinachotembea ni picha.

Halafu mtihani wenyewe: taya limfikie mbuzi. Miili hii miwili imechorwa mbalimbali, ila lazima ikutane kwenye nukta moja, penye mteremko au tambarare, mbuzi akiwa ameelekea popote. Wakikosana kwa upana wa kiganja, meno yanafunga hewa na mbuzi anakufa kwa upepo. Kwa hiyo kabla ya kuuma, mashine inawapanga kwa siri, mmoja anapunguzwa mwendo, mwingine anageuzwa bega, mithili ya mpiga picha wa harusi anayewasogeza mashangazi bila wao kukasirika. Likifanyika vizuri, hakuna anayeliona. Ni ufundi wa kushona ambao sifa yake ni uzi usioonekana.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Mwaka 1993 kampuni ya MECC ya Minnesota, Marekani, ilitoa DinoPark Tycoon, gemu la watoto ambamo mchezaji alinunua ardhi, uzio, dinosaria na chakula chao, akajifunza hesabu za matumizi. Mlo ulikuwa mstari kwenye daftari. Miaka kumi baadaye, 2003, Blue Tongue ya Melbourne, Australia, ikaleta Jurassic Park: Operation Genesis. Hapo ndipo mlo ulipopata mwili. Wala majani ya chini walikuwa na hori lao, wenye shingo ndefu lao, na wala nyama wangeweza kuletewa mnyama hai.

Miongoni mwa waliokula kwenye hori la chini alikuwemo Kentrosaurus, na hapa niruhusuni nitoke nje ya kompyuta kidogo. Kentrosaurus ni wa kwetu. Mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, kilima kilicho bara ya mji wa Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, Wajerumani wakiongoza na mamia ya wenyeji wakichimba. Fundi mkuu kati yao alikuwa Boheti bin Amrani. Visukuku vilifungwa, vikabebwa vichwani na mabegani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, kisha melini hadi Berlin. Huko ndiko alikosimamishwa jirani yake mrefu, yule ambaye wataalamu wengi leo humwita Giraffatitan, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13. Brachiosaurus halisi aliyepatikana Colorado, Marekani, mifupa yake haikutimia, kwa hiyo sura tuliyoizoea vitabuni na kwenye filamu imeazimwa kwa kiasi kikubwa kutoka kwa huyu wa Lindi. Ukimwona kwenye gemu akinyoosha shingo kuchuma majani ya juu, shingo hiyo ilitoka Tendaguru.

Frontier walipotoa Jurassic World Evolution ya kwanza mwaka 2018, wala majani bado walilishwa kwenye hori la mashine, likiisha gari la walinzi linakuja kulijaza. Sikulipenda. Kundi zima linakwenda mahali pamoja kama abiria stendi, na porini hakuna stendi. Mwaka 2019 wakaanza kuingiza mimea ya kale, na katika toleo la pili mlo ukahamia shambani. Sasa unapanda. Huyu anataka majani, yule anataka matunda, mwingine kokwa, mwingine mmea wenye nyuzinyuzi. Mmoja anakula chini, mwingine juu. Kila mnyama ana himaya anayoipanua akitafuta anachokihitaji, na himaya mbili zikigongana, ugomvi. Mfugaji yeyote anaijua hadithi hii: panda vibaya, wanyama watahama kimyakimya kuelekea pasipo pao. Aliyeliwaza hilo aliacha kufikiri kama mwuza tiketi na kuanza kufikiri kama mchungaji.

Bado nina manung'uniko. Nyasi ni tele mno. Kentrosaurus aliishi takriban miaka milioni 150 iliyopita, na katika maisha yake hakuwahi kukanyaga unyasi hata mmoja. Dunia yake ilikuwa ya kangaga, mitapo na misonobari. Najua kwa nini mafundi wanazimwaga: bustani isiyo na nyasi mgeni ataiona kama kiwanja cha ujenzi. Nawasamehe, nusunusu.

Taya nalo ni mahali pa kumpimia fundi. Katika filamu ya Jurassic Park ya mwaka 1993, Brachiosaurus anatafuna kwa kupeleka taya kando, kama ng'ombe anayecheua kivulini. Inapendeza, ila si kweli. Meno yake yalikuwa ya kukatia tu. Alichuma, akameza, tumbo likafanya kazi iliyobaki. Wenye kusaga walikuwa jamaa wa Edmontosaurus, waliopangiwa mamia ya meno kama mawe ya kinu. Tyrannosaurus naye aliacha ushahidi mwingine. Mwaka 1998 Karen Chin na wenzake walieleza kinyesi kilichogeuka jiwe, kutoka Saskatchewan, Kanada, chenye urefu wa sentimita 44 na kujaa vipande vya mifupa. Mlaji huyo hakuchambua minofu. Alivunja na kumeza. Mchoraji anayelijua hilo atampa mnyama wake ule mkupuo wa kichwa kwenda juu, koo likapokea, na hatamruhusu kutafuna.

Uzazi ulichelewa zaidi. Kwa miaka mingi dinosaria wa gemu hizi walizaliwa maabara kwa sababu hadithi yenyewe ilitaka hivyo: katika kitabu cha Michael Crichton cha mwaka 1990 na filamu iliyofuata, bustani ilitengeneza majike watupu ili wasizaane. Gemu zikatii. Unachagua jeni, unalipia, mlango unafunguka, mnyama mzima anatoka. Walinikumbusha vifaranga wa mashine wanaoletwa mjini kwenye maboksi yenye matundu, ambao hawajawahi kusikia koo akilia. Wanakua vizuri tu. Lakini ukiwaweka karibu na wale walioatamiwa, utaona hawajui kukimbilia chini ya ubawa kipanga anapopita.

Frontier hao hao walikuwa wameshajizoeza uzazi kwingine. Planet Zoo, ya mwaka 2019, ina wanyama wa leo, na kila mmoja amebeba jeni za ukubwa, umri, rutuba na kinga. Ukipandisha ndugu kwa ndugu, watoto wanadhoofika. Wafugaji wanaobadilishana madume na boma la mbali wangelielewa somo hilo bila maelezo. Nilianza na ngiri wawili, nikaenda kupika chai, na niliporudi nilikuwa na ukoo.

Kwa dinosaria, mlango ulifunguka Oktoba 2025, Jurassic World Evolution 3 ilipoleta dume, jike na watoto wanaokua ndani ya bustani. Hapa fundi anakabiliwa na tatizo zuri kuliko yote: mtoto si mkubwa aliyepunguzwa. Ukimfinya Tyrannosaurus mzima hadi awe kimo cha mbuzi, utapata mwanasesere. Kinda wa kweli alikuwa na mwili mwembamba na miguu mirefu ya kukimbilia, na fuvu lake jepesi halikuweza kuvunja mfupa. Utafiti wa mwaka 2004 uliosoma pete za ukuaji ndani ya mifupa ulikadiria kwamba katika ujana alikuwa akiongeza kilo 2 hivi kila siku. Maana yake mlo wa mtoto ni tofauti na wa mzazi, na utabadilika jinsi mdomo wake unavyobadilika. Ndipo nilipong'amua kwamba hori na kiota ni kazi moja. Huwezi kuchora kukua bila kuchora kula.

Kuhusu kiota kuna kisa ambacho kila mchora dinosaria anapaswa kukijua. Mwaka 1923 huko Mongolia msafara wa Wamarekani ulimkuta mnyama juu ya mayai yaliyodhaniwa ni ya Protoceratops, akabandikwa jina Oviraptor, yaani mnyang'anyi wa mayai. Miaka 70 baadaye likapatikana yai la namna ile ile likiwa na kijusi ndani, na kijusi kilikuwa cha ukoo wa huyo huyo mshtakiwa. Kisha akaelezwa jamaa yake aliyefia juu ya kiota, mikono ameitandaza kuzunguka mayai, sawasawa na kuku wa bibi yangu alivyokaa kwenye tenga nyuma ya mlango wa jiko. Hakuwa akiiba. Alikuwa ameatamia.

Kuku hutotoa kwa siku 21. Wataalamu waliohesabu mistari kwenye meno ya vijusi, mwaka 2017, walimpa Protoceratops siku 83 na Hypacrosaurus siku 171. Karibu miezi sita ya jua, mvua na wezi wa mayai! Hakuna gemu litakalomweka mtu miezi sita mbele ya kiota, na sidai hivyo. Nadai kusubiri kuwe na uzito. Yai lichelewe kidogo hadi nianze kushuku kuwa ni viza, na mzazi ainuke, azunguke, akae tena.

"Mjomba, dakika kumi zimepita."

"Moja tu."

Tyrannosaurus anainuka. Inamchukua muda: kwanza kifua, kisha mguu mmoja, vikono vile vidogo vikining'inia bila kazi, halafu mwili mzima unapanda. Mbuzi anageuza kichwa. Mpwa wangu anaacha kunidai kiti, anainama kwenye kioo. Mnyama anapiga hatua sita, saba, anampita mbuzi kwa karibu kiasi cha kivuli chake kumfunika, na anaendelea hadi bwawani. Anashusha mdomo majini.

Kumbe ilikuwa kiu.