Mantiki ya Mtihani na Mantiki ya Faqihi

Vijana wetu wanaotaka kusomea sheria Marekani hukutana na mtihani wa LSAT, ulioanza mwaka 1948. Tumeutazama namna unavyosomeshwa, na tuna la kusema.

Tuanze na zuri lake. Mengi katika maswali yake magumu hurejea kwenye jambo moja: kupambanua kinachohitajika na kinachotosha. Mwanafunzi wa Usulul-Fiqh analijua hili katika mlango wa sharti. Sharti likikosekana, hukumu hukosekana. Lakini likiwepo, hailazimu hukumu iwepo. Twahara ni sharti la swala. Asiye na udhu hana swala, lakini mwenye udhu aliyeswali kabla ya wakati kuingia naye hana swala. Basi asemaye, "Ana udhu, kwa hiyo swala yake imesihi," ameingia katika mtego ule ule anaotegewa mtahiniwa. Si ajabu Imam Ghazali (aliyefariki 505 H/1111) alitanguliza mlango wa mantiki katika al-Mustasfa, kitabu chake cha Usul, ingawa Ibn al-Salah (aliyefariki 643 H/1245) aliikataza elimu hiyo.

Kasoro iko kwenye ufundishaji wa mbio. Kila sehemu ina dakika 35, hivyo wengi hukariri michoro badala ya kufahamu kanuni. Sehemu ya mafumbo yaliyotegemea michoro iliondolewa Agosti 2024, kufuatia suluhu ya mwaka 2019 katika kesi iliyofunguliwa na waombaji wasioona. Aliyekariri michoro amebaki na nini? Aliyefahamu kanuni hakupoteza kitu.

La pili ni zito zaidi. Mara nyingi mtihani humtaka mtahiniwa achukulie maelezo aliyopewa kuwa ni kweli. Faqihi hana ruhusa hiyo. Tukisema, "Kila kilevi ni haramu, kinywaji hiki ni kilevi, basi ni haramu," mpangilio umenyooka. Lakini la kwanza linahitaji dalili iliyothibiti, na la pili linahitaji kukichunguza kinywaji chenyewe. Mwenye kupanga hoja vizuri juu ya hadithi dhaifu hupotosha watu kwa ufasaha.

Nasaha yetu kwa wanafunzi: kati ya majibu matano, msitosheke na kulipata lililo sahihi. Andikeni kwa nini manne yaliyobaki ni batili. Kisha muulize swali ambalo mtihani hauulizi: je, msingi wenyewe ni kweli?

Wallahu a'lam.