Baisikeli katika Picha za Kale za Ubena

Wasomaji wengi wa Njombe na Makambako wanazo nyumbani picha za zamani, zimetundikwa ukutani au zimelazwa ndani ya Biblia. Yafaa tuzipime kama mwalimu apimavyo insha, maana picha nayo yasema neno, na neno lake laweza kuwa nusu ya kweli.

Picha moja hurudi nyumba kwa nyumba. Mwanamume amesimama wima, amevaa koti zito, mkono wake u juu ya usukani wa baisikeli. Hacheki. Nyuma yake ni kitambaa cha mpiga picha. Utulivu wake wapendeza, wala siudharau. Lakini aijuaye nchi hii atauliza: tope li wapi? Njombe iko juu ya bahari kadiri ya meta 2,000, na katika vilima vyake vya majani mtu huisukuma baisikeli kuliko kuipanda. Toka Njombe hata Makambako ni kilometa kama 60. Kabla reli ya TAZARA haijakabidhiwa mwaka 1976, na hata baadaye, chombo hicho kilichukua viazi, mahindi, wagonjwa, na (tusifiche) madumu ya ulanzi wakati wa mvua. Picha haionyeshi hata kimoja. Yaonyesha mali, kazi imeachwa nje.

Wala si Wabena peke yao. Huko Marekani, katika nyanda za majani za Nebraska, Solomon Butcher alianza mwaka 1886 kupiga picha za walowezi wa Custer County. Mama mmoja hakutaka nyumba yake ya udongo ionekane, basi kinanda kikatolewa nje, akapigwa picha nacho uwanjani karibu na mifugo. Fahari ni ile ile. Hata hivyo Butcher alizoea kusimama mbali: katika picha zake nyingi twaona paa la majani, ng'ombe, na nchi tupu nyuma ya watu, hata tukajua walivyoishi. Kitambaa cha wapiga picha wetu kimetunyima hayo yote, na hapo ndipo ninapowalaumu.

Tena kuna jambo la wanawake. Wabena wengi walikwenda Tanga kufanya kazi ya mkonge, na baisikeli ikawa ushahidi kwamba mtu hakurudi mikono mitupu. Miezi hiyo yote nani alilima? Nani alichota maji na kulea watoto? Huyo hayumo katika picha, au akiwamo, yuko pembeni, nusu ya bega lake imekatwa.

Kati ya picha nilizozitazama, iliyo bora kuliko zote ni moja ya Makambako ambayo ilipigwa nje, pasipo kitambaa. Kijana ameshika baisikeli yake kama kawaida. Nyuma yake, mbali kidogo, mama apita njiani na jembe begani, mtoto mgongoni, naye hakujua kwamba apigwa picha. Sura yake imefifia, lakini mwendo wake waonekana, na majani ya kando ya njia yamelala kwa upepo. Jina la kijana limeandikwa nyuma kwa wino. Niliwauliza wazee wa nyumba ile habari za yule mama. Watatu walitaja majina matatu.