Nusu Saa ya Jirani

Kituo cha televisheni ya jamii cha Monroe, mji mdogo ulio kusini mwa Detroit katika jimbo la Michigan, kiliwahi kupata mtangazaji wa muda ambaye vituo vikubwa vilikuwa vikimlipa mamilioni. Ilikuwa Julai 1, 2015. Mchekeshaji Stephen Colbert alikuwa amebakiza miezi miwili tu kuanza kipindi chake cha usiku cha CBS, naye akaona mazoezi akayafanyie Monroe, kwenye kiti cha kipindi kiitwacho Only in Monroe. Alisoma habari za mjini, akamhoji rapa Eminem, aliyekulia Detroit, kana kwamba ni chipukizi anayeomba kutambulishwa. Kabla ya hapo aliwahoji wenye kipindi, Michelle Baumann na Kaye Lani Rae Rafko Wilson. Huyu wa pili ni muuguzi, na ndiye aliyevaa taji la Miss America la mwaka 1988. Vyombo vya habari vya nchi nzima viliandika kuhusu Colbert na Eminem. Waliostahili aya ndefu zaidi ni wanawake hao wawili, maana kazi yao ni ngumu kuliko inavyoonekana: kuzungumza kwenye televisheni na watu ambao kesho yake utapanga nao foleni dukani.

Nafasi ya kufanya hivyo haikudondoka kutoka mbinguni. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Bodi ya Filamu ya Taifa ya Kanada ilikuwa na mradi ulioitwa Challenge for Change, na katika mtaa wa Saint-Jacques, Montréal, wakazi wa kipato cha chini walikabidhiwa kamera za video ili wajirekodi wenyewe. Mmoja wa waliousimamia mradi huo alikuwa Mmarekani, mtengeneza filamu George Stoney. Alirudi New York na imani isiyoyumba kwamba mtu yeyote akielekezwa vizuri anaweza kutengeneza televisheni, na kwamba jirani zake watakuwa na sababu ya kuitazama. Akishirikiana na Red Burns, alianzisha kituo cha mafunzo katika Chuo Kikuu cha New York. Vifaa vilikuwa vimeshapatikana: Portapak ya Sony, kamera na mashine yake ya kurekodi, mtu mmoja aliweza kuitundika begani akatembea nayo mitaani.

Hoja iliyofungua mlango ilikuwa ya barabara. Kampuni ya kebo haifiki majumbani bila kupitisha waya wake kwenye barabara, na barabara ni mali ya wananchi. Basi jiji la New York likasema: ukitaka kupita, tuachie chaneli. Julai 1971 chaneli za umma za Manhattan zikaanza kurusha vipindi. Mwaka uliofuata tume ya mawasiliano ya shirikisho, FCC, iliagiza kampuni za kebo katika masoko 100 makubwa zaidi kutenga chaneli kwa ajili ya umma, elimu na serikali za mitaa. Mwaka 1979 Mahakama ya Juu ilisema tume imevuka mamlaka yake. Ikabidi Bunge liingilie kati, na sheria ya 1984 ikazipa serikali za mitaa haki ya kudai chaneli hizo katika mikataba yao, pamoja na ada isiyozidi asilimia 5 ya mapato ya huduma ya kebo. Sheria hiyo hiyo iliikataza kampuni kuhariri yanayosemwa. Kutokana na kifungu hicho akapatikana mtangazaji wa aina yake: hana mhariri juu yake, hana mdhamini wa kumbembeleza, na muda wake anaupata kwa kufuata foleni, aliyetangulia kuomba akitangulia kupewa.

Uhuru huo una gharama, na gharama yake ni nusu saa. Nusu saa ni ndefu. Kwa kuwa matangazo ya biashara hayaruhusiwi kwenye chaneli hizi, hakuna mapumziko ya kumpa mtangazaji nafasi ya kunywa maji, kupitia karatasi zake, au kumwuliza mgeni jina lake linatamkwaje. Mgeni akichelewa, dakika hazichelewi. Mgeni mwenyewe mara nyingi ni mtu ambaye hajawahi kuhojiwa maishani: fundi wa piano, mwalimu wa darasa la nne, mzee aliyepigana Korea. Mtu wa namna hiyo hujibu swali la kwanza kwa neno moja na kunyamaza. Watangazaji wa vituo vikubwa hawakutani na mtihani huu, kwa kuwa wageni wao hufika na majibu yaliyokwisha kuandaliwa. Wa jamii hujifunza kusubiri. Anauacha ukimya udumu kidogo kuliko inavyostahimilika, anarudia lile neno moja kwa upole, na polepole fundi wa piano anaanza kueleza jinsi hewa kavu ya majira ya baridi inavyosinyaza mbao.

Anayemtazama mtangazaji mzoefu wa kituo cha jamii akifunga kipindi anaona ufundi wa mikono pia. Msimamizi wa ukumbi amechuchumaa chini ya lenzi, visikilizio masikioni, ameinua vidole vitano, kisha vinne. Ni dakika zilizobaki. Mtangazaji haviangalii vidole, anaviona. Sentensi yake inaanza kujipinda kuelekea mwisho, mgeni anashukuriwa bila kukatizwa, mkutano wa wazazi wa Alhamisi unatajwa pamoja na ukumbi wake, na kidole cha mwisho kinapokunjwa, majina ya waliofanya kazi tayari yanapanda kwenye skrini. Majina yenyewe hujirudia. Aliyeshika kamera leo ana kipindi chake Jumanne, na Jumanne huyu wa leo atakuwa kwenye meza ya sauti. Kituo hutoa mafunzo bure au kwa ada ndogo, mkazi akihitimu anaruhusiwa kuazima vifaa, na deni lake analilipa kwa kuwasaidia wenzake.

Simu ndiyo mtihani mkubwa zaidi. Vipindi vingi vya mubashara hupokea simu bila kuchujwa, na anayepiga anaweza kuwa mjane mwenye swali la mirathi au kijana aliyekunywa akitaka kutukana. TV Party, kipindi alichokiendesha mwandishi Glenn O'Brien huko Manhattan kuanzia 1978 hadi 1982, kilipata wapigaji wa aina zote mbili, hasa wa pili. O'Brien aliyapokea matusi kwa utulivu wa mtu anayepokea salamu, akaendelea na wageni wake, miongoni mwao wanamuziki Debbie Harry na David Byrne. Kijana mchoraji ambaye dunia ilikuwa bado haijamfahamu, Jean-Michel Basquiat, alikuwa akikaa kwenye mashine ya kuandikia maneno ya skrini na kuchapa chochote kilichomjia. Picha ilikuwa mbaya, sauti ilikatika. Lakini mtu anayetaka kujua New York ya miaka ile ilivyosikika usiku wa manane hapati chanzo bora kuliko hicho.

Ubaya wa picha uliwahi hata kugeuzwa kuwa hoja. Paper Tiger Television, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1981 na DeeDee Halleck na wenzake, kilianza kwa kumweka msomi Herbert Schiller mbele ya pazia lililopakwa rangi kwa mkono lifanane na behewa la treni ya chini ya ardhi, akisoma gazeti la New York Times na kulichambua. Mwishoni mwa kipindi mtazamaji alionyeshwa gharama zilizotumika, kifaa kwa kifaa. Hesabu ile ilikuwa tangazo kwa kila aliyekuwa akitazama: kwa fedha kidogo namna hii, na wewe unaweza. Huko Austin, Texas, Frank Morrow na Douglas Kellner walianzisha Alternative Views mwaka 1978, mazungumzo marefu kuhusu habari ambazo mitandao mikubwa ya televisheni iliziruka, na kazi ya kujitolea iliyoanza hivyo ikafikia vipindi zaidi ya 500.

Siyo kila mtangazaji wa jamii anataka kubishana na magazeti. Chicago wapo wanaotaka watu wacheze. Jake Austen na mkewe, msomi wa filamu Jacqueline Stewart, walianzisha Chic-a-Go-Go mwaka 1996 katika kituo cha CAN TV, kwenye jiji lilelile ambako kipindi cha dansi cha Soul Train kilianzia mwaka 1970. Watangazaji ni wawili: Miss Mia, na panya wa kikaragosi aitwaye Ratso. Watoto wadogo, wazazi, bibi na babu, na vijana waliovaa mavazi ya ajabu hujipanga na kucheza mbele ya kamera, huku bendi zikiigiza kuimba juu ya rekodi zao. Inafaa kumtazama Ratso kwa makini. Mwanamuziki ambaye angemjibu mwandishi wa habari kwa maneno aliyoyazoea hujikuta akimjibu panya kwa ukweli, kwa kuwa hakujiandaa kuulizwa na panya chakula anachokipenda. Huo ni ustadi wa kuhoji, na ni wa daraja la juu. Mwaka 1992 sinema ya Wayne's World iliwachekesha watu duniani kote kwa vijana wawili wanaoendesha kipindi cha jamii kutoka chumba cha chini cha nyumba huko Aurora, Illinois. Mzaha ule uliwachora watangazaji hawa kama watoto wasiokua. Waliozalisha vipindi vya kweli walikuwa wakifanya kazi nzito kuliko hiyo.

Mlango usiokuwa na bawabu huingiwa na kila mtu, na lazima lisemwe. Katika miaka ya 1980 kipindi cha ubaguzi kiitwacho Race and Reason, cha Tom Metzger, kilipelekwa kwenye chaneli za jamii za miji mbalimbali. Huko Kansas City, Missouri, wafuasi wa Ku Klux Klan walipoomba nafasi, madiwani waliamua mwaka 1988 kuifuta chaneli nzima kuliko kuwasikiliza. Kesi ikafunguliwa, na mwaka uliofuata chaneli ikarudishwa. Uamuzi wa madiwani unaeleweka, lakini walikosea: waliwanyima sauti watu wote wa jiji kwa ajili ya wachache ambao wangeweza kujibiwa papo hapo, kwenye chaneli ileile, na majirani waliokuwa wakitishwa nao.

Hatari iliyozidhoofisha kweli studio hizi imetoka kwenye fedha. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 majimbo kadhaa yalihamisha mikataba ya kebo kutoka mijini kwenda ngazi ya jimbo. California ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2006, na kufikia mwanzo wa 2009 studio za umma za Los Angeles zilizokuwa zikiendeshwa na kampuni ya kebo zilikuwa zimefungwa. Wakati huohuo Wamarekani wengi wanakata kebo na kuhamia intaneti, na ada inayotokana na kebo inapungua pamoja nao. Wapo wanaouliza kama studio ina kazi gani tena wakati kila mtu ana kamera mfukoni. Jibu liko kwenye ule mpangilio wa watu ukumbini. Simu ya mkononi haimfundishi mtu kumsubiri mgeni anayeona haya, wala haimlazimu kushika kamera ya jirani asiyekubaliana naye kisiasa.

Burlington, Vermont, inaonyesha jinsi kituo kimoja kinavyoweza kufanya kazi ya vizazi viwili. Kituo chake, CCTV, kilianzishwa mwaka 1984. Kati ya 1986 na 1988 meya wa mji alikuwa na kipindi chake humo, Bernie Speaks with the Community. Meya huyo, Bernie Sanders, alitoka nje na maikrofoni, akawauliza watoto kuhusu dawa za kulevya na vijana wa kipanki kwa nini wanavaa vile, akikatiza, akirudia swali, akionekana wazi kwamba hakutosheka na jibu. Alipokuja kugombea urais, waandishi wa habari walizirudia kanda hizo kumtafuta Sanders wa zamani, wakamkuta ni yuleyule.

Miaka thelathini na zaidi baadaye, mji huo ulikuwa na familia zilizofika kama wakimbizi kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Nepali na kwingineko. UVIKO-19 ulipoingia mwaka 2020, maelekezo ya afya yalitoka kwa Kiingereza na wengi wao hayakuwafikia. Kikosi cha watu wa lugha mbalimbali kikaundwa, CCTV kikakisaidia, na video zikaanza kutoka kwa zaidi ya lugha kumi, Kiswahili, Kirundi na Kisomali zikiwemo. Waliokaa mbele ya kamera walikuwa watu wa jamii hizohizo, wanaojua ni swali gani mama wa Bukavu, Kongo, atauliza kwanza kuhusu barakoa, na ni neno gani atalielewa bila kuelezwa mara mbili. Janga lilipopungua kazi iliendelea kwa jina la Vermont Language Justice Project, na mafuriko yalipolikumba jimbo hilo mwaka 2023, walikuwa tayari wanajua nani wa kumwita studio.