Supanova, urujuanimno na antena ya Malindi

Supanova ikionekana hafifu, sababu zaweza kuwa tatu: iko mbali, vumbi limeizuia, au yenyewe haikuwaka sana. Anayepima mwangaza wake hana budi kuzitenganisha, na mwanga unaoonekana kwa macho haumtoshi.

Setilaiti ya Swift, iliyorushwa tarehe 20 Novemba 2004, imeleta vipimo vingi vya mionzi ya urujuanimno katika kazi hiyo. Sehemu kubwa ya mionzi hiyo huishia kwenye ozoni, kwa hiyo darubini yake yenye kipenyo cha sentimeta 30 ilibidi ipelekwe juu. Njia yake hufuata ukanda wa ikweta. Ikipita juu ya Masisi, mashariki mwa Kongo, dakika chache baadaye iko juu ya pwani ya Kenya, ambako kituo cha Waitaliano cha Malindi kimekuwa kikipokea data zake.

Upimaji wenyewe una mtego. Darubini ina vichujio vitatu vya urujuanimno, na viwili kati yake huvujisha mwanga mwekundu kidogo. Kwa nyota yenye joto kali si neno. Kwa supanova ya aina ya Ia, yaani mlipuko wa kibete cheupe, ni balaa: chuma na metali za jamii yake humeza urujuanimno, na uvujaji ule mdogo ukageuka sehemu kubwa ya hesabu. Ndiyo maana nakiamini zaidi kichujio cha tatu, cha nanometa 225 hivi, kisichovuja, ingawa huleta fotoni chache. Kisha kuna mwanga wa galaksi yenyewe. Hupigwa picha nyingine supanova ikishazimika, mwanga huo ukatolewa.

Peter Milne wa Chuo Kikuu cha Arizona na wenzake walipolinganisha vipimo hivyo, supanova za Ia zilizofanana kwa mwanga wa kawaida ziligawanyika makundi mawili, moja likiwa na urujuanimno zaidi. Supanova SN 2011fe, ya galaksi ya M101, imo katika kundi hilo lenye urujuanimno zaidi. Hapa ndipo penye uzito. Ukiichukua ya kundi la pili, iliyo nyekundu kwa asili, ukadhani ni vumbi lililoibadili rangi, utaiongezea mwangaza ambao haikuwa nao kamwe, na umbali utakaoupata hautakuwa wa kweli.

Mwaka 2015 walionyesha pia kwamba kundi lenye urujuanimno mwingi huzidi kadiri tunavyotazama mbali. Hawakukanusha kwamba ulimwengu unapanuka kwa kasi inayoongezeka, jambo lililotangazwa mwaka 1998 kwa kutumia nyota hizi hizi. Walisema huenda ongezeko hilo ni dogo kuliko lilivyokadiriwa.