Pongezi kwa Watangazaji wa Baharini
Miongoni mwa taasisi za utangazaji zinazostahili heshima kubwa kuliko ile ziliyopewa na serikali za zama zao ni redio za maharamia, yaani vituo visivyo na leseni vilivyorusha matangazo kutoka melini, nje ya mpaka wa bahari ya nchi, ambao kwa Uingereza wakati huo ulikuwa maili 3 tu kutoka pwani. Radio Caroline, iliyoanzishwa na Ronan O'Rahilly wa Ireland, ilianza kusikika Pasaka ya 1964, wakati BBC, iliyohodhi redio nchini Uingereza, ilikuwa imebanwa na mikataba iliyoweka kikomo cha saa za kupiga santuri, hata vijana wakaukosa muziki walioutamani.

Kazi yenyewe ilihitaji moyo: meli ilipoyumbishwa na dhoruba za Bahari ya Kaskazini, sindano iliruka juu ya santuri, na watangazaji wakaikandamiza kwa sarafu ili wimbo usikatike, huku mafundi wakiulinda mlingoti mrefu mno kwa chombo kidogo kama kile. Sheria ya Agosti 1967 iliwageuza Waingereza waliovihudumia vituo hivyo kuwa wahalifu. Lakini mwezi uliofuata BBC ilipofungua Radio 1, sauti yake ya kwanza, Tony Blackburn, ilikuwa imekomaa baharini. Caroline iliikaidi sheria hiyo, na hata meli yake Mi Amigo ilipozama Machi 1980, mlingoti ulibaki umesimama juu ya mawimbi kwa miaka kadhaa.