Wakili si Mwenye Mali: Nyumba za Mirathi Kariakoo



Ndugu Waislamu, Kariakoo ya leo kiwanja ni dhahabu. Nyumba ya Kiswahili aliyoiacha babu inatafutwa na mfanyabiashara apandishe ghorofa la maduka. Hapo hutokea ndugu mmoja na karatasi mkononi: “Marehemu aliniandikia uwakala,” au, “Mahakama ya Mwanzo imeniteua msimamizi.” Kwa karatasi hiyo anauza, na wenziwe habari wanazisikia barazani. Hoja zote mbili ni dhaifu.

Tuanze na ya kwanza. Uwakala ni halali. Vijana wa Pangoni walimtuma mmoja wao mjini na fedha yao (18:19). Lakini kwa mafaqihi wetu wa Kishafii, uwakala huvunjika kwa kufa aliyemuweka wakili. Roho ikitoka, mali ni ya warithi, baada ya madeni na wasia. Aliyekuwa wakili wa baba si wakili wa watoto, mpaka wao wenyewe wamuwakilishe. Na hata enzi za uhai wa baba, wakili aliyeambiwa “uza” tu hakuruhusiwa kujiuzia mwenyewe, wala kuuza chini ya bei ya soko kwa hasara ya wazi.

Ama hoja ya pili, msimamizi ni mwenye amana. Sheria ya nchi, Sura ya 352, inamtaka apeleke mahakamani orodha ya mali ndani ya miezi 6 na hesabu ndani ya mwaka 1. Mahakama ya Mwanzo nayo ina fomu zake za orodha na hesabu. Mtu na mali yake haombwi hesabu! Na hata angepewa hukumu, Mtume (S.A.W.) alionya, katika hadithi ya Ummu Salama (R.A.), kuwa anayekatiwa haki ya nduguye kwa ufasaha wa hoja zake amekatiwa kipande cha moto.

Akiwemo yatima, jambo ni zito zaidi. Ardhi yake haiuzwi ila kwa haja, au kwa faida iliyo dhahiri kwake yeye, si kwa mjomba. Abu Dharri (R.A.), pamoja na uchamungu wake, alikatazwa na Mtume (S.A.W.) kusimamia mali ya yatima. Sisi tunaigombania.

Lawama nyingine ituangukie maimamu. Tunaitwa kushuhudia mauzo, tunasoma Fatiha, tunapokea bahasha. Kabla ya kunyanyua mikono tuulize matatu: Warithi wote wako wapi? Bei ya soko ni ngapi? Fungu la yatima limewekwa wapi? Yasipojibiwa, tuondoke.

Wallahu a'lam.